Ruiru 11 ya Bafuni: Maamuzi ya Bomba Kabla Nyundo Haijaanza

Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kiliwapa wakulima aina mpya ya mbuni iliyoweza kuhimili chulebuni na kutu ya majani. Ikaitwa Ruiru 11. Tangu hapo mibuni mingi ya pande hizi imeng'olewa, mashamba yamekatwa ploti, na ploti zimeota maghorofa. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru ina watu 490,120: mji wa nne kwa ukubwa nchini Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu. Wote hao wanaoga, au angalau wanadai wanaoga.

Kwa heshima ya mbuni huo, orodha hii ina namba 11, nasi tunahesabu kushuka. Ni ya mkazi wa Gatongora, hapa Ruiru, aliyechoshwa na bafu lake la zamani na sasa ameanza kuwaangalia mafundi kwa jicho la matumaini. Kanuni ya kupanga namba ni moja: ukikosea namba 11, unarekebisha kwa spana kabla chai haijapoa, ukikosea namba 1, unaita mashine ya kuvunja zege. Wengi wetu hutumia mwezi mzima kwa namba 11, kisha namba 1 tunamwachia fundi aamue akiwa kwenye simu.

11. Koki ya dhahabu au nyeusi?

Gombaneni. Hapa hakuna madhara. Koki ikiwachusha, maji yanafungwa, spana inazungushwa, nyingine inakaa. Angalieni uzito tu: ya shaba hulemea mkono, ya plastiki iliyopakwa rangi ni nyepesi na uzi wake hukatika fundi akikaza kwa bidii. Na fundi hukaza kwa bidii kila mara wewe ukiwa umesimama pale.

Moto kushoto, baridi kulia. Fundi akizigeuza, mgeni wa kwanza kuoga atawatangazia, na mtaa mzima utapata habari bila kununua gazeti.

10. Choo kinakunywa kiasi gani?

Vyoo vya mtindo wa Kiingereza tulivyorithi vilimwaga lita 9 kila ukivuta mnyororo. Mwaka 1980 kampuni ya Caroma ya Australia, nchi inayoujua ukame, ilileta choo cha vitufe viwili. Vingi vya leo humwaga lita 6 kwa kazi nzito na lita 3 kwa kazi nyepesi.

Piga hesabu. Watu watano, kila mmoja mara tano kwa siku, ni mara 25. Kwa choo cha zamani hizo ni lita 225. Kwa cha vitufe viwili, nzito zikiwa 5 na nyepesi 20, ni lita 90. Tofauti ni lita 135, karibu mitungi saba ya kijana anayeuza maji kwa mkokoteni. Isipokuwa kila nyumba ina mtu mmoja anayebonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, kwa usalama zaidi.

9. Instanti na waya wake

Shawa ya stima, ile inayochemsha maji ikiwa pale pale juu ya kichwa chako, ilizaliwa Brazil katika miaka ya 1930, na hadi leo jina la kampuni ya Lorenzetti ya São Paulo linajulikana kwenye hadiwea zetu kuliko majina ya madiwani. Ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta takriban ampea 23. Mzigo huo unataka waya wake mwenyewe wa shaba, wa milimita 4 au 6 za mraba, utoke moja kwa moja kwenye boksi la stima. Unataka pia ile swichi kubwa yenye taa nyekundu, iwekwe mahali pasiporukiwa na maji. Halafu kuna waya wa ardhini, ambao hauna mjadala.

"Mama, tutachomoa tu kwa soketi ya sebuleni, itafanya kazi," fundi atasema. Ni kweli. Itafanya kazi ya kupasha ukuta moto.

Na kama maji yenu ni ya kisima cha kuchimbwa na yana chumvi, nunueni iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Chumvi hula koili na hupitisha umeme vizuri. Ile ya kawaida nayo itapasha, lakini siku moja itampasha muogaji habari.

8. Koki za kufungia

Jiulize: sinki likianza kumwaga usiku wa manane, nani ataoga asubuhi? Ikiwa kulizuia ni mpaka ufunge tangi zima, jibu ni hakuna. Choo, sinki na shawa, kila kimoja kiwe na koki yake ndogo. Bafu zima liwe na koki moja kubwa unayoifikia bila ngazi, bila tochi na bila kumwamsha mama mkwe.

Kuna wanaoifukia koki hiyo nyuma ya vigae kwa sababu inaharibu sura ya ukuta. Weka kijilango. Wanaoishi ghorofani wajue pia ufunguo wa koki ya ghorofa uko kwa nani. Kwa kawaida uko kwa keateka, na usiku bomba linapopasuka, keateka huwa amesafiri kwao.

7. Tangi, na ile shawa ya mvua

Bwawa la Ruiru lilijengwa katikati ya karne iliyopita ili kuinywesha Nairobi. Ruiru ilichangia jina. Mwaka 2022 likazinduliwa bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, lililopangiwa kutoa lita milioni 70 kwa siku kwa Gatundu, Juja, Ruiru na sehemu ya Nairobi. Ni habari njema. Hata hivyo mapaa ya Gatongora bado yamebeba matangi, na sijaona anayenunua tangi kwa ajili ya urembo.

Sasa fizikia, ambayo haijali ulilipa bei gani. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya bar 1. Tangi likiwa mita 3 juu ya shawa, unapata bar 0.3. Ile shawa pana ya mvua uliyoipenda kwenye simu mara nyingi hutaka karibu bar 1 ndipo inyeshe. Chini ya tangi la mita 3 haitanyesha. Itakudondokea kwa masikitiko.

Una njia tatu: pandisha mnara wa tangi, weka pampu ya kuongeza presha, au chagua shawa ndogo yenye matundu machache na uoge kwa amani. Ukichagua pampu, amua sasa itakaa wapi, itapata stima wapi, na itapitia bomba la ukubwa gani, kwa sababu baada ya vigae hayo ni maswali ya nyundo. Kumbuka pia pampu haijui kuoga gizani. Stima ikipotea, ndoo na kopo hurudi kazini bila kinyongo.

6. Fundi mwenyewe

Mtafute kabla hujanunua hata msumari. Mwombe cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akuonyeshe gredi yake. Kisha mwombe akupeleke kwenye bafu alilofunga mwaka jana. La wiki jana halisaidii, halijapata muda wa kuvuja.

Akuchoree. Kwenye karatasi, hata kwenye kipande cha katoni: bomba linaingia wapi, kona ngapi, ti ngapi, koki ngapi. Mchoro ndio unaozaa orodha ya kununua. Fundi asiyechora huhesabu kwa miguu yako: utaenda hadiwea kufuata kona moja, urudi, uende tena kufuata dada yake.

Malipo yafuate kazi. Sehemu itoke mabomba yakiwa wazi ukutani, sehemu yakishapimwa, salio koki zikitoa maji na choo kikimeza. Ukilipa yote mwanzoni, fundi atapata msiba wa ghafla ushago.

Mwisho, jifunze lugha yake. "Niko hapa Bypass" maana yake anatafuta soksi. "Kesho asubuhi" huanza baada ya chakula cha mchana. Na "Mkubwa, hii ni kazi ndogo" maana yake bado hajaiangalia.

5. Bomba ndani ya ukuta wa Ndarugo

Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo yaliyokatwa kwa mashine, na jiwe hilo halina huruma na patasi. Njia ya bomba hukatwa kwa grainda, iende wima au mlalo. Isikate kona kama kijia cha kwenda steji, maana hapo hakuna atakayejua bomba lilipo siku ya kutoboa.

Ikiwa bomba la zamani ni la chuma na limeshika kutu, liondoe lote bafuni. Ukiunga jipya kwenye mkia wa la zamani, umenunua maji ya kahawia yanayopita kwenye bomba safi. La siku hizi ni PPR, lile linalounganishwa kwa kuyeyushwa kwenye joto la takriban nyuzi 260. La milimita 20 hupashwa kama sekunde 5, la milimita 25 kama sekunde 7. Fundi akipokea simu katikati ya kupasha, plastiki hujikunja ndani na kuziba nusu ya njia. Huoni kitu kwa nje, lakini maji yatapita kwa kuomba ruhusa. Kwa upande wa moto chagua daraja la maji moto, PN20. La maji baridi likibebeshwa kazi hiyo halikatai. Huchoka mapema tu.

Kabla ya lipu, zibeni ncha zote, pigeni pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha ya kawaida, mkalale. Asubuhi someni geji. Ikiwa imeshuka, tafuteni sasa, ukuta ukiwa bado uchi. Kisha simamisha tepi ya kupimia kwenye ukuta na upige picha kila upande. Picha hizo hazitapata laiki hata moja. Utazithamini peke yako, siku utakaposhika drili kutundika kioo.

4. Dawa ya kuzuia maji

Vigae havizuii maji. Mwambie mwenzako, mwambie mjomba aliyejenga zamani, mwambie muuza vigae ambaye hatapenda kusikia. Maji hupenya kwenye mistari iliyo kati ya kigae na kigae, taratibu, kila siku, na hayana haraka. Kinachozuia ni tabaka la dawa chini yake: sakafu yote, pembe zote zikiwa na mkanda wake, na ukuta wa upande wa shawa mpaka kama mita 1.8.

Ikikauka, ziba tundu la sakafu, jaza maji ya kufunika nyayo, uache saa 24. Halafu shuka uangalie dari ya chini. Anayeruka hatua hii hajaepuka jaribio. Amempa jirani wa chini alifanye, naye atakuletea matokeo mlangoni, akiwa na sauti.

3. Majitaka yanaenda wapi?

Nyumba za mawe za Gedi, karibu na Malindi, zilikuwa na vyoo ndani katika karne ya 15, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia. Kwa hiyo anayekwambia choo cha ndani ni mambo ya kisasa amechelewa miaka mia kadhaa.

Uliza kwanza: nyumba yako imeunganishwa na bomba la majitaka la mji, au ina tangi la chini na shimo la kunyonyea? Kama ni shimo, lifungue kabla ya kuota beseni la kuogea la kujilaza. Shimo lilichimbwa kwa idadi fulani ya watu na ndoo zao. Ukilipelekea shawa mbili na mashine ya kufua, litajaa mapema. Miezi ya Machi hadi Mei, udongo ukiwa umeshiba mvua, haupokei mgeni tena, na lori la kunyonya litakuwa linapiga honi langoni mwako mara nyingi kuliko shemeji.

Kisha pima umbali. Miongozo ya afya kwa kawaida hutaka mita 30 kati ya shimo la majitaka na kisima cha maji. Ploti yetu maarufu ya 50 kwa 100 ina urefu wa futi 100, yaani mita 30 na kidogo. Maana yake, ukiwa na vyote viwili kwenye ploti moja, kimoja kinakaa kwenye lango na kingine kwenye ua wa nyuma, na bado hujauliza jirani shimo lake liko upande gani. Muulize kwa upole. Mnaweza kuwa mnashiriki mengi kuliko ukuta.

Weka manholi kila bomba linapopinda, ili likiziba lizibuliwe bila kuchimba maua. Na usikubali wazo la "kupeleka kidogo" kwenye mtaro wa mvua. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza, na pua za mtaa hazihitaji wakili.

2. Mteremko na mpindo

Bomba la inchi 4 la choo linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala sana, uchafu hutulia na kuanzisha makazi. Likiinama mno, wazee wa kazi huonya kwamba maji hutoroka na kuuacha mzigo njiani. Usipime kwa jicho, hata jicho la fundi wa miaka 20. Pimamaji ipo, haili chakula, haiombi nauli.

Sakafu ya shawa nayo ishuke kuelekea tundu, sentimita 1 hadi 2 kwa mita. Kabla vigae havijagandishwa, mwaga ndoo moja na utazame. Maji yakikusanyika mlangoni, hayo ndiyo yatakayokuwa maisha yako.

Kisha mpindo. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa aliyefanya kazi London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda kwa umbo la S ili maji yabaki kwenye kona na kuzuia harufu isirudi. Pengine ndiye mtu wa mwisho katika kazi ya mabomba aliyejali saa. Kila tundu la bafu lako, la sinki, la shawa na la sakafu, liwe na mpindo unaoshika maji ya angalau sentimita 5.

Mpindo nao unahitaji pumzi: bomba la hewa linalopanda mpaka juu ya paa. Bila hilo, choo kikivutwa hunyonya maji ya mpindo wa jirani yake, unasikia "glup" kwenye shawa, na baada ya hapo unasikia kingine kwa pua. Bafu la wageni lisilotumika hukauka mpindo. Mwaga kopo moja la maji kila baada ya wiki chache. Harufu ikikuzidi, usikimbilie manukato. Utapata bafu lenye harufu ya majitaka na waridi.

1. Choo kikae wapi?

Mabomba ya maji ni membamba na yanasukumwa na presha, kwa hiyo yanaweza kupanda, kupinda na kuzunguka nyumba. Bomba la choo ni nene, halina presha, linashuka tu. Ndiyo maana choo huamua na vingine hufuata.

Tuseme unataka kukihamisha kutoka nyuma ya mlango mpaka chini ya dirisha, mita 3. Kwa mteremko ule wa namba 2, bomba litashuka sentimita 7.5, juu ya unene wake mwenyewe wa sentimita 11. Saruji iliyo juu ya slabu haina nafasi hiyo. Utavunja slabu, au utainua sakafu na kupata ngazi ya kujikwaa usiku, au, ghorofani, utaning'iniza bomba kwenye dari ya jirani, ambaye hukumwalika kwenye mradi wako.

Kabla ya kuamua, nunua choo chenyewe. Kiwe sebuleni kwenye katoni lake, watoto wakikipanda, huku fundi akikipima. Vingine hutokea sakafuni, na kwa kawaida kitovu cha tundu huwa sentimita 30 kutoka ukutani. Vingine hutokea nyuma, kama sentimita 18 kutoka sakafuni. Hizo 30 huhesabiwa kutoka ukuta uliokwisha kuvaa vigae. Lipu, gundi na kigae hula sentimita 2 au 3, na fundi akisahau hizo, choo kitagoma kuingia. "Mkubwa, tusukume kidogo," atasema. Hakisukumiki.

Pima na miguu pia. Acha karibu sentimita 60 mbele ya choo, na kama 38 kutoka katikati yake mpaka ukuta wa kando. Mlango ufunguke bila kugonga magoti ya aliyeketi, maana kuna mazungumzo ambayo hayafai kuanza hivyo.

Hapa ndipo familia inafaa kugombana, kwa tepi mkononi na katoni katikati ya chumba, kabla hata shilingi moja haijaenda kwenye vigae. Mkikubaliana, mteremko utajua unakotoka, bomba la hewa litajua pa kupandia, na fundi atakuwa na cha kuchora. Mkishindwa kabisa kukubaliana, kiacheni kilipo. Mahali pa zamani hapana fasheni, lakini panajua njia ya kutokea.